Stesheni yangu ya roki imegeuka redio ya dini usiku mmoja, hii inaruhusiwa?

Dada mmoja anayeishi Marekani kaniandikia, nafupisha swali lake: kwa miaka amekuwa akienda kazini asubuhi na stesheni moja ya roki ya mjini kwake, juzi kawasha gari akakuta nyimbo za dini mwanzo mwisho, watangazaji wote hawapo, hakuna hata mmoja aliyeaga. Anauliza je wana haki ya kufanya hivyo, je roki ndo imekufa, na mbona hata stesheni za roki zilizobaki zinapiga ngoma zilezile kila siku.

Pole sana dada yangu. Mtu asiyesikiliza redio atakwambia si ufungue simu tu uchague nyimbo, hajui kwamba ulichokosa sio nyimbo, ni watu uliozoea kuamka nao. Kwahiyo nitakujibu kwa urefu.

Haki wanayo, tena kamili. FCC, ile tume ya serikali inayogawa masafa, inampa mmiliki leseni ya miaka 8, na ndani ya hiyo leseni hakuna mahali pameandikwa roki wala kantri wala injili. Kuna masharti ya nguvu ya mtambo, mnara ukae wapi, lugha chafu, kumbukumbu za matangazo ya siasa, ila upige muziki gani hiyo ni juu yako. Zamani haikuwa wazi hivyo. Miaka ya 70 wasikilizaji walikuwa wanaenda mahakamani kabisa, hasa wapenzi wa muziki wa klasiki wa miji kama Atlanta na Chicago, wanadai kwamba stesheni ikiwa ndo pekee ya aina yake mjini basi isibadilishwe mpaka tume iwasikilize wananchi kwanza, na mahakama ya rufaa ya Washington ikawa inawakubalia. Tume haikutaka hiyo kazi ya kuamua muziki gani ubaki, ikakata rufaa, na mwaka 1981 kwenye kesi ya FCC dhidi ya WNCN Listeners Guild, Mahakama ya Juu ikaipa tume ushindi: mambo ya fomati, yaani aina ya muziki au vipindi vya stesheni, yaachiwe soko. Toka hapo mmiliki anaweza kulala na roki akaamka na salsa na haulizwi na mtu.

Kuuza stesheni ndo kitu kingine. Leseni haihami kutoka kwa mmiliki mmoja kwenda kwa mwingine bila FCC kukubali, ombi linawekwa hadharani na wananchi wanapewa siku 30 za kupinga. Tatizo ni kwamba sababu ya "wameua muziki wetu" haina uzito kwenye pingamizi kwa ajili ya hiyo hukumu ya 1981, na mara nyingi mnunuzi anaingia mkataba wa kuendesha stesheni hata kabla idhini haijatoka, kwahiyo nyie mnasikia mabadiliko wakati makaratasi bado yako njiani.

Sasa kwa nini wafanye hivyo. Watu wengi wanafikiri stesheni ni muziki wake, mimi nakwambia kwa mwenye mali stesheni ni masafa, ni kama kiwanja katikati ya mji: leo kuna baa, kesho kanisa, keshokutwa benki, kiwanja kipo palepale. Angalia 92.3 FM ya New York. Mwaka 1978 ilikuwa inapiga roki laini na haina wasikilizaji wa maana, Julai wakageuza kuwa disko, herufi zao WKTU, na ndani ya miezi michache ikawa namba moja New York nzima, ikaipita hata WABC iliyokuwa jitu kubwa la AM. Disko ikashuka, wakayumbayumba, 1985 wakageuka roki wakajiita K-Rock, herufi zao WXRK, na mwishoni mwa mwaka huohuo wakamchukua mtangazaji Howard Stern, kwanza wa mchana, halafu 1986 wakampa asubuhi. Huyu jamaa aliibeba stesheni mabegani mpaka Desemba 2005 alipohamia redio ya setelaiti, na hapo ndo utaona jinsi mabosi wanavyofikiri: Januari 2006 wakafuta muziki karibu siku zote za wiki, wakajiita Free FM, mazungumzo matupu, kiti cha Stern wakampa David Lee Roth, yule aliyekuwa muimbaji wa Van Halen. Aprili alikuwa kashaondolewa. Mei 2007 wakarudisha roki na jina la K-Rock. Machi 2009 wakaifuta tena wakaweka pop. Novemba 2017 roki ya kizazi kipya ikarudi kwa jina la ALT 92.3, watu wakafurahi kwamba New York imepata tena stesheni kubwa ya gitaa, na Oktoba 2022 ikaondolewa tena na masafa yakapewa habari za 1010 WINS, ile stesheni ya AM ya saa 24, ili isikike na FM. Roki imeingia na kutoka hapo mara kadhaa na mara zote walioitoa hawakuwa wanaichukia, walikuwa wanatafuta kipi kitaingiza hela zaidi kwenye kiwanja kilekile.

Hasira za msikilizaji nazo sio za jana. Chicago, mwisho wa 1978, stesheni ya roki inaitwa WDAI ikageuzwa disko, na mtangazaji wao kijana Steve Dahl akafukuzwa mkesha wa Krismasi. Mwaka uliofuata akapata kazi stesheni nyingine ya roki, WLUP, 97.9, watu wanaiita The Loop, akaanza kampeni dhidi ya disko kila asubuhi, mpaka Julai 12, 1979 wakaandaa tukio uwanja wa Comiskey Park kati ya mechi mbili za besiboli za White Sox na Detroit Tigers. Ukija na sahani ya disko unaingia kwa senti 98. Walitegemea watu kama elfu 20 hivi, wakaja karibu elfu 50, sahani zikalipuliwa katikati ya uwanja, maelfu wakavamia nyasi, polisi wa kutuliza ghasia wakaja na White Sox wakapoteza mechi ya pili mezani kwa sababu uwanja haukuchezeka. Wengi wanaikumbuka kama burudani, ila mimi sikubali kuisimulia bila kusema upande wa pili, kwamba disko ilikuwa muziki wa watu weusi, Walatino na mashoga, na watu hao walipoona umati ule unachoma sahani zao walisikia ujumbe mwingine kabisa, na walikuwa na sababu. Ninachotaka ukione hapa ni kwamba moto wote ule ulianzia kwenye stesheni moja kubadili fomati. Na hiyo The Loop iliyompokea Dahl? Mwaka 2018 iliuzwa dola milioni 21.5 na leo masafa ya 97.9 yanarusha K-LOVE, muziki wa Kikristo. Bila shaka ndo hilohilo lililokupata wewe, au kitu kinachofanana nalo.

Tuje kwenye ngoma zilezile, maana hapa pana historia nzuri na ya kusikitisha kidogo. FM ilikuwa kitu cha kupuuzwa, wamiliki walikuwa wanarusha kipindi kilekile cha AM kwenye FM basi. FCC ikatoa agizo mwaka 1964, likaja kutekelezwa kikamilifu kama 1967, kwamba kwenye miji ya watu zaidi ya laki moja FM isinakili AM zaidi ya nusu ya muda. Ghafla kuna masaa kibao ya kujaza na hakuna bajeti, wakawaachia vijana. San Francisco, Aprili 1967, Tom Donahue akaingia KMPX na watangazaji wakawa wanachagua wenyewe: wimbo wa dakika kumi na tano, bluzi, raga za Kihindi, bendi ya mtaani ambayo haijarekodi sawasawa, vyote kwenye saa moja. Machi 1968 wafanyakazi wakagoma wakigombana na mwenye stesheni, wakahamia KSAN. Boston WBCN ikaanza roki Machi 1968, Philadelphia WMMR mwezi mmoja baadae, St. Louis KSHE ilikuwa imeshatangulia 1967. Hicho ndo kizazi ambacho watu wanakililia wakisema redio ya roki ya zamani.

Halafu ikaanza kuingiza hela. Na kitu kikianza kuingiza hela anakuja mtu na daftari. Lee Abrams alikuwa kijana wa miaka ya ishirini tu alipotengeneza mfumo wake wa Superstars miaka ya 70, akafanya utafiti wasikilizaji wanataka nini, akagundua wengi hawataki kushtukizwa, wanataka albamu kubwa za bendi kubwa, na kampuni yake na Kent Burkhart ikawa inazishauri stesheni za miji mingi kwa wakati mmoja. Yeye sio shetani kama wengine wanavyomchora, stesheni zake zilipata wasikilizaji wengi kweli, lakini matokeo ni kwamba uchaguzi ulitoka mkononi mwa mtangazaji ukaenda ofisini, na mpaka leo haujarudi. Miaka ya 80 katikati ikazaliwa fomati ya roki ya zamani, Fred Jacobs wa Michigan ndo alikuwa kinara wa kuisambaza, na hapo ukawa na stesheni ambayo kwa kanuni haipigi kitu kipya kabisa.

Ngoja nikwambie orodha inavyochujwa, maana wasikilizaji wengi hawajui. Mnakusanywa watu kwenye ukumbi wa hoteli, wanachagua watu wa umri wanaoutaka wao, unapewa karatasi au kidude cha kubonyeza, halafu unapigiwa kipande cha sekunde saba mpaka kumi hivi cha kila wimbo, ile sehemu inayojulikana, kiitikio au gitaa la mwanzo, unaweka alama, kinakuja kingine, kinakuja kingine, mamia ya vipande mpaka masikio yanachoka. Wimbo ambao uzuri wake unajengwa polepole kwa dakika nne unapimwa kwa sekunde nane. Unashindwa. Wimbo ambao watu 40 wanaupenda sana na 30 wanauchukia nao unatoka, unabaki ule ambao hakuna anayeuchukia. Fanya hivyo kila mwaka kwa miaka thelathini, utabakiwa na nyimbo mia chache na ndo hizo unazozisikia, sio kwamba mkurugenzi wa muziki ni mvivu, wengi wao wana makabati ya sahani nyumbani ambayo yangekuliza machozi.

Na upimaji wa wasikilizaji ukazidi kubana. Zamani Arbitron walikuwa wanawapa watu vijidaftari waandike wamesikiliza nini, kwahiyo mtu alikuwa anaandika anachokumbuka na anachokipenda, jina la stesheni lenye heshima lilikuwa linaandikwa hata kama siku hiyo hakuisikiliza sana. Kuanzia 2007, Philadelphia na Houston kwanza, kikaja kidude cha kuvaa kinachonasa alama za sauti zisizosikika na sikio ambazo kila stesheni inazichanganya kwenye matangazo yake. Kidude hakijui mapenzi, kinajua dakika. Kwa muda mrefu ilibidi kikunase dakika 5 ndani ya robo saa ndo uhesabiwe, Nielsen walioinunua Arbitron wakapunguza ikawa 3 mwaka 2025. Mabosi wakaanza kuona kwenye grafu watu wanahama mtangazaji akianza kuongea, wanahama wimbo wasioujua ukianza, basi mtangazaji akaambiwa nyamaza, ngoma mpya ikaambiwa subiri.

Juu ya hayo weka sheria ya mawasiliano ya 1996. Kabla ya hapo kampuni moja haikuruhusiwa kumiliki zaidi ya stesheni 40 nchi nzima, 20 za AM na 20 za FM, sheria ikafuta kikomo cha kitaifa na kwenye miji mikubwa ikaruhusu mmiliki mmoja mpaka 8. Kampuni ya Clear Channel kutoka stesheni kama 40 ikafika zaidi ya 1,200 ndani ya miaka michache tu. Zilinunuliwa kwa mikopo, na mkopo haujali roki. Mtangazaji mmoja akawa anarekodi sauti yake mapema kwa stesheni za miji kadhaa, anataja barabara ambayo hajawahi kuipita. Matangazo ya biashara yalipoanza kukimbilia intaneti madeni yakabaki palepale: kampuni ya Cumulus ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wanaoidai mwishoni mwa 2017, iHeart (ndo Clear Channel hiyohiyo) Machi 2018 ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 20, Audacy Januari 2024. Mwenye deni anauza nini? Anauza stesheni ambayo masafa yake yana bei nzuri kuliko kipato chake.

Mnunuzi mwenye pesa taslimu nae yupo, Educational Media Foundation, wenye K-LOVE. Hawa sio kampuni ya biashara, wanaishi kwa michango ya wasikilizaji, hawana matangazo ya kuuza, kipindi kinatoka sehemu moja kwenda nchi nzima, kwahiyo wakinunua mnara hawahitaji watangazaji wala wauzaji wa mji huo. Februari 2020 walichukua WAAF, roki nzito ya Boston ya miaka mingi, kwa dola milioni 10.75, na kati ya kutangaza na kuzima hata wiki haikuisha. Sina ugomvi na muziki wao, kuna watu unawasaidia kweli. Ninachowasikitikia ni mji, maana studio inayofungwa ilikuwa na watu waliojua bendi gani inapiga Ijumaa na barabara gani imefungwa na theluji.

Na kwa nini roki na sio fomati nyingine? Umri. Wanaonunua matangazo wanataka watu wa miaka 25 mpaka 54, ukivuka 54 kwenye meza zao unakuwa huna bei hata kama una hela kuliko vijana wote. Shabiki aliyekua na Led Zeppelin, bendi ya miaka ya 70, kashavuka siku nyingi, ndo maana stesheni za roki ya zamani zinasogea mbele polepole, Nirvana na Pearl Jam wa miaka ya 90 sasa wanapigwa hapo, watu wananiandikia wakishangaa imekuwaje. Kijana nae roki yake anaipata kwenye simu. Stesheni inabanwa pande zote mbili.

Roki haijafa lakini, hilo naomba ulisikie vizuri. KSHE na WMMR bado ni stesheni za roki leo, zaidi ya nusu karne, na WRIF ya Detroit nayo toka 1971. Ukizichunguza zilizodumu utakuta zina vitu vinavyofanana: kipindi cha asubuhi chenye watu wale wale kwa miaka mingi, mambo ya mji wao yanazungumzwa, na jina linalopendwa kiasi kwamba tangazo la biashara linauzika kwa ajili ya hao watu na sio kwa ajili ya orodha ya nyimbo ambayo hata simu inayo. Stesheni zinazobadilishwa kirahisi ni zile ambazo zilishaondoa watu kwanza.

Upande mwingine ni redio za michango. KEXP ya Seattle ilianza kama redio ya chuo, KCMU, mwaka 1972, leo watangazaji wake bado wanachagua nyimbo wenyewe, na 2024 wamefungua masafa mengine kule San Francisco. Minneapolis kuna The Current, 89.3, toka Januari 2005, Philadelphia kuna WXPN. Hawana bosi anayelilia miaka 25 mpaka 54, wana msikilizaji anayetoa dola chache kila mwezi, kwahiyo wanaweza kupiga bendi mpya ya mtaani na wimbo wa 1971 bila kuomba ruhusa. Ukiniuliza mimi nilichokipenda kwenye redio ya roki kimehamia wapi, kimehamia huko.

Kwa upande wako wewe fanya hivi. Tafuta watangazaji wako kwa majina yao, sio jina la stesheni, kwa kawaida mikataba inawazuia kuonekana stesheni shindani kwa miezi kadhaa halafu wanaibuka, mara nyingi na podikasti au stesheni ya mji huohuo, na wakiibuka wanahitaji uwafuate wiki ya kwanza maana ndo wiki bosi mpya anayohesabu. Angalia pia kama jina la zamani limehamishiwa kwenye chaneli ya pembeni ya dijitali, zile za HD, makampuni hupenda kufanya hivyo ili jina lisipotee na mshindani asilichukue, na redio nyingi za magari mapya zinazipata. Usipoteze nguvu kuwaandikia FCC kuhusu muziki, hawatakujibu unachotaka, ila faili la kila stesheni liko wazi kwenye tovuti yao, utaona mmiliki ni nani, leseni inaisha lini na kama kuna ombi la kuuza, na hiyo itakusaidia na stesheni utakayohamia.

Maana kuna dalili. Mtangazaji wa asubuhi anaondoka na hatafutiwi mbadala, masaa ya jioni hayana mtu anayetaja hali ya hewa ya leo, matangazo ya maduka ya mjini yanapungua unabaki na ya kitaifa tu, matamasha ya stesheni yanafutwa. Ukiona mawili matatu ya hayo kwa pamoja kafungue hilo faili. Na ukikuta stesheni ambayo bado ina mtu hai studio saa nane mchana, mpigie simu, omba wimbo, mtaje jina, na duka likitangaza hapo uende ununue na umwambie mwenye duka umesikia wapi, kwa sababu muuza matangazo wa ile stesheni anaandika hayo kwenye ripoti yake na mwisho wa mwezi inasomwa na yule yule anayeamua masafa yapige nini.

Niandikie stesheni yako ni ipi na mji gani, tutafute pamoja watangazaji wako wako wapi.